Saladi ya insulini: kabla ya kuinunua, tuulize imepitia wapi

Mutu akikuambia kwamba kuna saladi ambayo siku moja inaweza kusaidia mutoto mwenye ugonjwa wa sukari, usimuite mwongo. Hiyo saladi iko. Lakini akikuambia kwamba ameileta hapa Majengo ndani ya sashe, dola kumi, na kwamba mutoto anaweza kuacha sindano, hapo umuite mwongo, tena umuite kwa sauti ili majirani wasikie.

Ninaandika juu ya mambo haya kwa sababu maneno yanatembea haraka kuliko dawa. Baba iko Rubaya kwenye kolteni, anapokea sauti kwenye simu yake. Mama iko hapa nyumbani, juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, anasikia habari ile ile ndani ya basi. Jioni wanapigiana simu, na franga iliyotoka shimoni kwa jasho inaingia mufukoni mwa mutu mwenye poda ya kijani na mudomo mutamu. Anayelipa deni la mwisho ni mutoto.

Tuanze na ukweli wa saladi yenyewe. Kule Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kuna profesa anaitwa Henry Daniell. Kwa miaka mingi yeye na wenzake wanachukua jini ya mutu, ile yenye kufundisha mwili namna ya kutengeneza insulini, wanaiingiza ndani ya jani la saladi. Wanaiweka ndani ya kloroplasti, yaani vile vifuko vidogo vya kijani ambamo jani linapikia chakula chake kwa mwanga wa jua. Saladi inakua kama saladi nyingine yote. Wanaivuna, wanaikausha kwa baridi kali, wanaisaga kuwa poda. Ndani ya poda hiyo kuna proinsulini, ambayo mwili unatoa insulini ndani yake.

Kwa nini wanasumbuka na jani? Kwa sababu insulini ya kawaida haimezwi. Ukiimeza, tumbo inaiyeyusha kama vile inayeyusha nyama na maharagi. Lakini ukuta wa seli ya mumea ni mugumu, asidi ya tumbo haiuvunji kwa urahisi. Dawa inapita ikiwa imefichwa, inafika kwenye utumbo, na vijidudu vinavyoishi humo ndani njo vinakula ule ukuta. Sasa dawa inatoka na kuingia damuni. Na jambo moja ambalo mama wa Goma atalisikia kwa masikio mawili: ile poda inaweza kukaa muda murefu bila frigo.

Panya walipewa, sukari yao ikashuka. Muzuri. Lakini ni panya. Kati ya panya wa Pennsylvania na mutoto wa Majengo kuna njia ndefu kuliko ile ya Goma mpaka Walikale kipindi cha mvua, na dawa nyingi zinakwama katikati. Ninapoandika hii, hakuna mumea wa kula uliobadilishwa jini ambao umekubaliwa kuwa dawa ya ugonjwa huu wala ya ndugu zake.

Hao ndugu zake ni nani? Hapa wachimbaji wasifunge gazeti, kwa sababu tunafika kwao.

Mwili wako uko na zamu wake. Usiku na mchana anazunguka parsele, akiona mwizi, yaani mikrobe, anamupiga. Siku moja, kwa sababu ambazo waganga wanazijua nusu nusu, zamu anachanganyikiwa na anaanza kupiga watoto wa nyumba. Akipiga zile seli za kongosho zenye kutengeneza insulini mpaka ziishe, mutoto anapata sukari ya aina ya kwanza. Akipiga viungo, vidole vinavimba asubuhi na kukataa kufunga ngumi. Hiyo ni poliartriti. Akipiga ngozi mpaka inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, hiyo ni skleroderma. Kuna pia lupusi, ambayo inapenda zaidi wanawake na inaweza kufikia figo. Magonjwa haya yote hayatoki kwa mikrobe ya jirani, hayaambukizi, na hayatoki kwa ulozi wa shangazi. Zamu njo amegeuka.

Sasa mavumbi. Mwaka wa 1953, huko Wales, muganga mumoja, Anthony Caplan, aliona kwamba wachimbaji wa makaa waliokuwa na poliartriti, mapafu yao yalikuwa na alama za pekee kwenye radiografia. Mwaka wa 1957, Afrika ya Kusini, muganga Erasmus aliandika juu ya skleroderma kwa wachimba zahabu wa Witwatersrand. Toka wakati huo uchunguzi umerudia kusema kitu kimoja: mavumbi ya silika, yale yenye kutoka kwenye jiwe la kwarzi likivunjwa, hayaharibu mapafu peke yake. Yanasumbua pia zamu wa mwili, na mutu aliyeyavuta miaka mingi anakuwa na hatari kubwa ya kupata magonjwa haya kuliko jirani yake asiyeyavuta.

Na wenye kuyavuta si wanaume wa shimo tu. Wale mama wa Kamituga wanaoitwa twangaises, kazi yao ni kutwanga jiwe la zahabu mpaka linakuwa unga. Mama anatwanga, mavumbi meupe yanakaa kwenye kope, kwenye kitambaa cha kichwa, kwenye mutoto aliyebebwa mugongoni. Akifika miaka arobaini anasema vidole vinauma, watu wanamwambia ni uzee, ni baridi, ni kazi. Pengine ni hivyo. Pengine zamu wake amegeuka, na hakuna mutu aliyemupima.

Kwa hiyo, mutu akisema kuna mimea inayoweza kumutuliza zamu, mimi ninataka kusikia mpaka mwisho. Nawe usikie.

Mawazo yenyewe ni ya zamani na yana akili. Mwili hautendei kinachopita kwa kinywa sawa na kinachopita kwa kidonda. Ukila sombe, ukila samaki ya Kivu, zamu wa tumbo anajua kwamba huyu ni mugeni wa kukaribishwa, hapigi. Watafiti wakajiuliza: kama tukimulisha mutu kile kitu ambacho zamu wake anakipiga kwa makosa, tukamulisha kidogo kidogo kwa njia ya chakula, je zamu hatajifunza kukiacha? Mwaka wa 1997, kikundi cha Kanada, katika muji wa London wa Ontario, kilibadilisha tumbaku na viazi ili vitengeneze protini moja ya kongosho inayoitwa GAD, wakavilisha panya wa aina ambayo inashikwa na sukari kwa urahisi. Wengi wao hawakushikwa. Mwaka uliofuata, watu wa Loma Linda huko California walifanya karibu vile vile, na viazi vyenye insulini iliyofungwa pamoja na kipande kisicho na sumu cha protini ya mikrobe ya kolera, kipande ambacho kinajua kufungua mulango wa utumbo. Kule Japani wakapanda muchele wenye vipande vya kolajeni ya viungo vilivyogeuzwa kidogo, kwa ajili ya poliartriti. Tena panya, na tena habari nzuri.

Angalia kwamba hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Saladi ya Daniell tuliyoanza nayo inataka kumupa mugonjwa insulini ambayo hana. Viazi vya Kanada na muchele wa Japani vinataka kumufundisha zamu. Ya kwanza ni kupeleka maji kwenye nyumba ambayo bomba imekatika. Ya pili ni kumuzuia mwenye kukata bomba. Ya pili ni ngumu zaidi, na mutu anayesema poda yake inafanya yote mawili, tena inaponyesha tifoidi na nguvu za kiume, amejihukumu mwenyewe.

Kwa binadamu walijaribu? Hiyo njia ya kumeza, ndiyo, lakini bila mumea. Marekani na inchi nyingine walichukua watu 560, ndugu za wagonjwa wa sukari ambao damu yao ilionyesha tayari kwamba zamu ameanza kugeuka, wakawapa vidonge vya insulini vya kumeza kila siku, wengine wakapewa vidonge vitupu. Matokeo yalitoka mwaka wa 2017: kwa jumla, vidonge havikuchelewesha ugonjwa. Kikundi kimoja kidogo kilionekana kufaidika, basi wanaendelea kuchunguza. Panya walikuwa wamefurahi zaidi.

Mutu atasema: sasa unatuambia tusitumaini? Hapana. Ninasema tumaini liwe na mulango wa kupitia, na mulango huo sisi wa Kivu ya Kaskazini tunaujua kuliko watu wengi wa dunia.

Mukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na ilikuwa imeua watu 2,287. Wakati ule, ndani ya vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kulikuwa dawa mojawapo inaitwa ZMapp. Ni wangapi kati yetu walijua kwamba ZMapp ilitoka kwenye mumea? Ilikuwa antikorpo tatu, na zilitengenezwa ndani ya majani ya tumbaku yaliyopewa jini ngeni, kule Kentucky, Marekani. Haikuliwa, ilipitishwa ndani ya musipa. Lakini ilikuwa dawa ya kweli ya mumea uliogeuzwa, na iliingia mwilini mwa watu wa jimbo letu. Mambo haya si ya kesho wala ya wazungu peke yao. Yalishafika hapa.

Na ilifika na sifa kubwa. Mwaka wa 2014 ilikuwa imepewa wamishonari wawili wa Marekani na wakapona, magazeti ya dunia yakaimba. Kama ingekuwa soko, ingeuzwa siku ile ile kwa bei ya zahabu. Lakini Profesa Jean-Jacques Muyembe na watu wa INRB, pamoja na wenzao wa kigeni, walikataa kuamini sifa. Kuanzia Novemba 2018 waliweka dawa nne pamoja na kuwagawia wagonjwa kwa kura, bila kuchagua nani apewe gani. Wagonjwa 681 waliingia. Agosti 2019 hesabu ikasema. Kati ya wale waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Kati ya wale waliopewa mAb114, ambayo ilitoka kwenye damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walikufa kama 35 kwa 100. Na dawa ya Regeneron, kama 34 kwa 100. ZMapp ikawekwa pembeni, na wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili zilizoshinda.

Mimi hiyo hesabu inanifundisha kuliko hotuba yoyote. Dawa ya mumea haikushindwa kwa sababu ni ya mumea. Na haikukubaliwa kwa sababu ni ya mumea. Iliwekwa kando ya nyingine, wakahesabu wafu na wazima. Kuna waliosema wakati ule kwamba ni biashara, na kweli kuna waliokula franga ya Ebola, hatutafunika. Lakini ile kura ya Beni na Butembo iliokoa watu, na leo dawa zilizoshinda pale zinatumika mahali popote Ebola ya Zaire inapotokea. Kwa hiyo, mutu akileta saladi, swali la kwanza ni moja: iliwekwa kando ya nini, kwa watu wangapi, na nani alihesabu?

Kuna upande wa pili, ule wa watu wanaokataa kila kitu chenye jina la OGM. Ninawaheshimu, maana kuogopa chakula usichokijua si ujinga. Lakini ninawaomba waende kwenye farmasi waangalie chupa ya insulini. Toka mwaka wa 1982 insulini ya binadamu inatengenezwa na bakteria au hamira iliyopewa jini ya mutu. Zamani ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Mutoto anayejidunga leo asubuhi hapa Majengo yuko muzima kwa sababu ya kiumbe kilichogeuzwa jini, kilichofungwa ndani ya pipa la kiwanda. Jini ya kutengeneza insulini ni ile ile. Tofauti ni kwamba bakteria inakaa kwenye pipa, na mumea unaota udongoni. Hapo ninakubaliana nao kwamba kuna kazi.

Mwaka wa 2002, kule Nebraska, kampuni ya ProdiGene ilikuwa imelima mahindi yenye dawa ya nguruwe. Musimu uliofuata, punje zilizobaki zikaota zenyewe katikati ya soya ya kula. Serikali ya Marekani ikaharibu magunia na magunia ya soya, na kampuni ikalipa faini ya dola 250,000 pamoja na gharama za usafi karibu milioni 3. Kama Marekani, wenye sheria, wakaguzi na barabara, mahindi ya dawa yaliingia ndani ya chakula, fikiria kwetu ambapo magunia ya Masisi, ya Kibumba na ya ng'ambo ya Gisenyi yanachangwa juu ya tshukudu moja. Ndiyo sababu siamini hadithi ya bustani ya dawa nyuma ya nyumba. Kuna wakati, miaka ya 1990, profesa Charles Arntzen wa Marekani aliota ndizi yenye chanjo kwa watoto masikini. Ndoto nzuri, lakini ndizi mbili za mukungu mumoja hazina kipimo kimoja, na dawa bila kipimo ni bahati nasibu. Wenye akili wameacha ndizi, wanaenda kwenye poda iliyopimwa ndani ya kapsuli, na mumea uliofungwa ndani ya nyumba, uliovunwa kabla haujatoa maua. Hivyo ni sawa. Dawa ikae mahali pa dawa, chakula kikae sokoni.

Na tusichanganye hiyo na migomba. Ule unyaufu wa bakteria ambao ndugu wa Rwanda wanauita kirabiranya ulionekana Masisi toka 2001, na umemaliza mashamba ya watu. Kule Kawanda, Uganda, wanachunguza migomba yenye jini ya pilipili hoho, ile poivron ya sokoni, ili ivumilie. Hiyo ni chakula, na mashindano yake ni mengine: bunge la Uganda lilipitisha sheria mwaka wa 2017, rais akaikataa, Kenya ilifunga mulango mwaka wa 2012 ikaufungua 2022. Mutu anaweza kukataa mugomba wa Kawanda na kukubali saladi ya Pennsylvania, au kinyume chake. Neno OGM peke yake halijibu kitu.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu saladi iko mbali na mutoto iko hapa.

Mwaka wa 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mutu wa kwanza kupewa insulini. Mbele yake, mutoto mwenye sukari ya aina ya kwanza alikuwa anakufa. Yeye aliishi miaka mingine 13. Waliogundua waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mumoja, wakitaka dawa isiwe ya matajiri. Zaidi ya miaka 100 imepita. Na hapa kwetu kuna familia ambazo bado zinahesabu vipimo, leo nusu, kesho nusu, juu chupa ikiisha hawajui nyingine itatoka wapi. Mwaka wa 2025 tuliona kiwanja cha ndege kikifungwa na mabanki yakifunga milango. Mutu mwenye sukari alikuwa anahesabu siku kwa namna ambayo mutu muzima haijui. Kinachokosekana hapa si akili ya Pennsylvania. Insulini iko, imejulikana, imepimwa. Kinachokosekana ni njia yake ya kufika.

Ninajua mutu atajibu: frigo hakuna, moto wa umeme unakatika, ndiyo maana tunataka poda. Sikiliza basi habari ya Dagahaley, kambi ya wakimbizi upande wa kaskazini mashariki ya Kenya, penye joto kuliko Goma yote. Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kule, wakaweka insulini kwenye joto hilo hilo, kati ya digrii 25 na 37, wiki 4. Mwaka wa 2021 wakatangaza kwamba nguvu yake ilibaki karibu ile ile. Hiyo inamaanisha kwamba chupa unayotumia mwezi huu inaweza kukaa ndani ya chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, katikati muchanga uliolowanishwa, mbali na jua na mbali na mbabula. Akiba ya miezi ndiyo inahitaji frigo, na frigo ya kituo cha afya inaweza kubeba ya watoto wengi. Muongee na muganga wenu kwanza, maana aina za insulini si moja. Lakini musikubali mutu awaambie kwamba bila frigo ya nyumbani mutoto amekwisha.

Kwa wachimbaji, neno langu ni kwa makoperative na kwa wanaonunua. Kolteni ya Rubaya inatoa tantale inayoingia ndani ya simu na ndani ya mashini za hopitali ambazo sisi tunaziona kwenye picha. Kila kilo inakatwa hapa, inakatwa pale, kila mutu ana karatasi yake. Katika makato yote hayo, hakuna hata moja inayonunua chupa ya insulini kwa mutoto wa mubeba magunia, wala maski kwa mama anayetwanga? Ninasema maski, lakini maji ni rahisi zaidi: jiwe lililomwagiwa maji kabla ya kuvunjwa linatoa mavumbi kidogo sana. Kwarzi ikavu ni adui. Atwangaye akae mahali upepo unamutoka mugongoni kwenda mbele, na mutoto asikae mugongoni wakati wa kazi. Hakuna jini, hakuna kloroplasti, na hakuna mutafiti wa kungojea.

Watafiti nao nina deni lao. Kama siku moja kapsuli za saladi zitajaribiwa kwa watu, sitaki zijaribiwe Philadelphia na Boston peke yake, kisha zije huku miaka 20 nyuma, zikiwa na bei ya huko. Beni na Butembo wameonyesha kwamba uchunguzi mugumu kabisa unaweza kufanyika hapa, katikati ya vita, na wanasayansi wa Kongo mbele. Muchimbaji mwenye poliartriti ya mavumbi ni mugonjwa ambaye Marekani haina wengi. Tumwandike, tumupime, tujue ni wangapi. Bila hesabu hiyo, hata dawa ikitoka, hakuna atakayejua kutuletea ngapi.

Na mama ambaye amesoma mpaka hapa akiwa na mutoto pembeni: kama mutoto anakunywa maji bila kushiba, anakojoa usiku mara nyingi, anakonda na huku anakula, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana, usimungojee baba arudi toka shimoni. Siku hiyo hiyo mupeleke apimwe sukari. Kipimo ni tone moja la damu kwenye kidole. Na kama tayari yuko kwenye sindano, poda yoyote ikija mulangoni, ya saladi, ya moringa, ya muti wa pori, mwenye kuiuza amuonyeshe muganga kwanza. Sindano ya jioni ipigwe kwa saa yake.